Mwalimu Aliyeandika Kwamba Hakuna Watu

Waliosema sitafika popote walikuwa wengi, na wengi wao leo hunisalimu kwa mikono miwili. Mmoja tu alilisema mbele ya darasa zima, chaki mkononi, wakati mimi nimesimama ubaoni nikiitafuta Wajir kwenye ramani niliyoichora mwenyewe. "Huyu," aliwaambia wenzangu, "hata akipewa ramani ya kitanda chake atalala sakafuni." Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana mtoto wa wafugaji aliyeletwa shule ya bweni huwa hajajua bado kwamba anaruhusiwa kukasirika. Hasira ilinifikia miaka mingi baadaye, Uswidi, nikisugua masufuria ya watu.

Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo Garissa nzima ilivyomwita hata baada ya kuacha kufundisha. Alikuja kutoka bara, ndivyo sisi tunavyoziita sehemu nyingine za Kenya, kufundisha jiografia, na alipochoka na watoto akageuka mtaalamu wa mazingira. Kazi hiyo inaeleweka vibaya, kwa hiyo nitaieleza. Mradi wowote mkubwa lazima kwanza ufanyiwe tathmini: utawafanya nini watu, mifugo, maji, ndege, hewa. Mtu analipwa kuyachunguza hayo na kuyaandika. Huku kwetu, kwa miaka mingi, mtu huyo alikuwa yeye. Machimbo ya mawe, mlingoti wa simu, kichinjio, barabara, yote yalipita chini ya kalamu yake, na sijasikia hata moja aliloliona lina kasoro.

Nijitaje na mimi kidogo, msomaji ajue ni nani anayemsema mwenzake. Niliondoka na begi moja. Sikuwa na mjomba serikalini wala mtu wa kunisainia karatasi. Niliosha masufuria, nikalinda mlango wa ghala, kisha nikachukuliwa na watu wanaotengeneza mitambo ya upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu. Niliipanda kwenye barafu huku wazawa wa kule wakilalamikia baridi. Jioni nilisoma hadi nikapata diploma ya usimamizi wa mazingira. Imetundikwa sebuleni kwangu, mtaa wa Iftin, juu ya televisheni, na mgeni haondoki kabla hajaisoma. Nyumba yenyewe ina vigae hadi jikoni. Kwa hiyo ninapomdharau Mwalimu, simdharau kwa wivu. Sina cha kumwonea wivu.

Tuanze na viatu vyake. Katika mji ambao vumbi linaingia hata kwenye sukari, Mwalimu alivaa viatu vyeusi vinavyong'aa, na kila alipokaa aliinama kuvipangusa kwa leso nyeupe. Leso alikuwa nazo nyingi. Moja ya viatu, moja ya jasho, moja ya kufunika pua akikaribiwa na ngamia. Siku moja, nje ya soko la mifugo, mzee mmoja alimwona ameiweka leso puani akamwambia, "Mwalimu, huyu ngamia ameoga kuliko wewe." Mwalimu alirudi ndani ya gari akapandisha kioo.

Kioo hicho ndicho kilichokuwa chombo chake cha kazi. Nasema kweli, mtu huyu aliichunguza nusu ya Kaskazini Mashariki kupitia kioo cha Land Cruiser ya kukodi. Ukimuuliza kwa nini hakushuka, alijibu, "Usalama haukuruhusu." Siwezi kusema usalama huku ni jambo la mchezo. Lakini nimeuona usalama ukimkataza kushuka mahali ambapo wanawake walikuwa wamekaa chini wakisuka mikeka, na askari wake mwenyewe amelala kivulini, kofia usoni.

Alikuwa na msemo mwingine, na huu ndio uliomlisha: "Athari ni ndogo na zinadhibitika." Ukimwambia vumbi la machimbo linawakohoza watoto, athari ni ndogo na zinadhibitika. Ukimwambia damu ya kichinjio inateremka mtoni, ni ndogo na zinadhibitika. Vijana wa bodaboda walikuwa wameuiba. Akianguka mmoja wao na pikipiki, wenzake walisimama juu yake wakisema kwa sauti ya Mwalimu, "Athari ni ndogo, simama."

Sasa niseme mambo ambayo yangenifaa zaidi nikiyaficha. Miaka ile mibaya ya mashambulizi, walimu wa kutoka bara walipofunga virago wakaenda zao, na madarasa yakabaki na watoto na ubao mtupu, Mwalimu hakuondoka. Alifundisha masomo ya watu watano. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alibaki, alisema huku hakuwa na wa kushindana naye. Inawezekana lilikuwa jibu la kweli. Yeye si Mwislamu, lakini Ramadhani hukumwona akinywa hata maji hadharani. Alijifungia ofisini na chupa yake ya chai kama mwizi. Kwa hilo wazee walimheshimu, mimi nikamheshimu nusu.

Na alijua ndege. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Alipokuwa akitufundisha, ndege akilia nje ya dirisha alinyamaza katikati ya sentensi, akainua kidole, akamtaja. Wale korongo wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti mjini, ambao sisi tuliwapiga mawe, yeye aliwaita wazee wa baraza na kututandika kwa ajili yao. Angeweza kukwambia tumbusi huyu anatoka upande gani na anafuata nini. Kisha mtu huyohuyo alikaa kwenye meza yake akaandika, kuhusu uwanda mzima uliojaa tumbusi, kwamba hapana ndege wa kutajika. Mjinga asipojua ninaweza kumvumilia. Sikuwahi kumvumilia mtu anayejua kisha anaandika kama hajui.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Mwalimu, mradi wa upepo ulipofika.

Watu wa Nairobi walitaka kusimamisha mitambo kwenye uwanda ulio nje ya barabara ya Wajir, mwendo mrefu kutoka mjini. Mimi si adui wa mitambo hiyo. Imenilisha, imenijengea nyumba, na upepo wa kule unastahili kazi bora kuliko kupeperusha mifuko ya plastiki. Lakini katikati ya uwanda ule ipo silanga, bwawa la kuchimbwa linalokusanya maji ya mvua, na njia ya kwenda kwenye silanga hiyo ndiyo njia ya ngamia wa abti yangu, ndugu wa mama yangu, na ya watu wote wa upande ule. Mchoro wa mradi uliweka mstari wa mitambo, barabara zake na uzio wa kituo chake cha umeme juu ya njia hiyo hasa. Uzio ukisimama, ngamia hawafiki majini. Ngamia wasipofika, abti yangu ni mtu wa kuja mjini kuomba. Nilimwona kwa mawazo mzee yule, aliyenibeba mgongoni, akikaa kwenye kibaraza changu chenye vigae akisubiri chakula, nikasema hilo halitatokea.

Kikao cha kuchukua maoni ya wananchi kilifanyika mjini, katika ukumbi wenye feni moja inayofanya kazi. Afisa wa serikali alikaa katikati ya meza ya mbele. Mwalimu alikaa kulia kwake na kitabu chake kinene cha tathmini, amepangusa viatu. Sisi tulikaa kwenye viti vya plastiki, na abti yangu ubavuni mwangu, bakora kati ya magoti.

Mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia alisimama kwanza. "Mwalimu, hiyo mapanga ikizunguka, ngamia yangu ataangusha mimba?"

"Mama, ngamia haelewi mambo ya umeme."

"Ataelewa kelele."

"Kelele yake ni ndogo. Ni kama friji."

"Mimi sina friji," alisema mama. "Sasa nitajuaje?"

Watu wakacheka. Mwalimu akatoa leso ya jasho.

Mzee mwingine akauliza kuhusu kivuli, kwa sababu amesikia mapanga yakizunguka mbele ya jua kivuli chake kinapigapiga ndani ya nyumba mpaka watu wanaumwa kichwa. Mwalimu akajibu kwamba athari ni ndogo, na vijana waliokaa nyuma wakamalizia wenyewe, wote kwa pamoja. Dereva wa tuktuk akauliza mitambo ikizeeka nani ataishusha.

"Kampuni," akasema Mwalimu.

"Kampuni gani?"

"Itakayokuwepo."

"Na isipokuwepo?"

Afisa akagonga meza, akasema tuendelee.

Mimi nilisubiri. Maswali yote yale ni ya haki, nami ningeweza kuyajibu vizuri kuliko yeye. Nimelala chini ya mitambo hiyo. Sauti yake haifanani na friji hata kidogo. Ni kama mtu anayekung'uta blanketi zito mbali kidogo na wewe na hachoki. Wapo wanaozoea, wapo wanaohama. Kivuli nimekiona kikikata ukuta wa jiko la bibi mmoja, naye akila akiwa amekipa mgongo. Tumbusi na popo nimewaokota chini ya minara kwa mikono yangu. Yote hayo yana dawa, na dawa yake ni kupima mapema na kuuweka mnara mahali pake. Lakini kelele hupimwa hadi kwenye mlango wa nyumba iliyo karibu. Kivuli hivyohivyo. Tumbusi huhesabiwa penye mifugo. Ukiandika kwamba hapana nyumba wala mifugo, umejipumzisha na kazi yote kwa sentensi moja. Na sentensi hiyo nilikuwa nimeiona kitabuni mwake: eneo halina makazi, yapo maboma machache yaliyoachwa.

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa suti.

"Mwalimu, ulikwenda lini kule?"

Alinitambua. Alitabasamu kama mtu anayeona mwanafunzi wake amejifunga tai vibaya. "Kiangazi. Barabara zinapitika."

"Na hayo maboma yaliyoachwa, milango yake ilikuwaje?"

"Milango gani? Ni maboma ya miiba."

"Pale pa kuingilia."

Akafikiri. Alikuwa mkweli kwenye vitu vidogo, hilo nampa. "Palikuwa pamezibwa kwa matawi ya miiba. Dereva akayavuta, tukaingiza gari. Ndani kulikuwa na mti, tulitaka kivuli."

Wazee wakaanza kunung'unika kwa Kisomali, na mama wa maziwa akafunika mdomo kwa mtandio wake.

Kwa wale wasiotoka kwetu: kiangazi kinapokaza, watu wa uwanda ule wanazikunja nyumba zao, fito na mikeka, wanazipakia juu ya ngamia, wanafuata maji hadi Tana. Mvua ikinyesha wanarudi. Anayehama moja kwa moja huliacha boma lake wazi, au hulichoma moto. Anayekusudia kurudi huziba mlango kwa tawi la mwiba, na tawi hilo hakuna anayeligusa, hata awe na kisasi na mwenye boma. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba ya mbuzi. Mwalimu alikuwa ameishi nasi nusu ya umri wake.

Abti yangu hakusimama. Aliongea akiwa amekaa, Kiswahili chake kilekile cha sokoni. "Hiyo boma ya mimi. Mimi nafunga. Wewe nafungua, nalala kifulini yangu, halafu naandika mimi sipo."

Mwalimu alimgeukia afisa. "Hakukuwa na mtu wa kumuuliza."

"Ndiyo maana mlango ulifungwa," nikasema.

Afisa alikuwa kijana, naye wa kutoka bara, lakini alikuwa na masikio. Aliamua kwamba uwanda utachunguzwa upya baada ya mvua, na kwamba Mwalimu aende nami. Mwalimu akataja usalama. Afisa akasema atapewa askari.

Tulikwenda majani yakiwa yamefika magotini. Njia nzima Mwalimu hakuniambia neno isipokuwa kuniuliza kama Uswidi kuna vumbi. Tulipofika, pale alipoandika kwamba hapana makazi palikuwa na nyumba kila upande, zile nyumba zetu za mviringo kama vikapu vilivyofunikwa, moshi, mbuzi, watoto wa mbuzi, redio mahali fulani. Ngamia walikuwa wakitoka silangani kwa mstari mrefu, wakipita hasa pale mchoro ulipoweka uzio.

Gari liliposimama, Mwalimu alibaki ndani. Mke wa abti yangu akaja hadi kwenye kioo, akakigonga kwa kucha.

"Shuka. Mgeni hasalimiwi ndani ya gari."

Alishuka. Viatu vyake vikazama kwenye tope hadi kwenye kamba.

"Ni nyinyi mlivuta miiba yetu?"

Nilitarajia atamsingizia dereva. "Ni mimi," alisema.

"Majani ya ndani tuliwawekea ndama. Mlango ukabaki wazi, mbuzi wa wapita njia wakaingia wakamaliza." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. "Tumerudi, ndama hawana kitu. Wawili hawakusimama tena. Pole, najua hukujua. Karibu chai."

Mwalimu hakwenda kwenye chai. Alinivuta pembeni, nyuma ya gari. Ana sauti nzito, lakini siku hiyo aliiteremsha. "Nikiandika kwamba watu wapo, upande huu wote wa mitambo lazima uhame. Unalijua hilo?"

"Ndiyo."

"Wenye mradi hawataniita tena. Wala wenzao."

"Ndiyo."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi ningekuja wakati wa mvua tangu mwanzo."

Akanitazama muda mrefu, na sikuyashusha macho. Kisha akainama, nikadhani anatafuta leso. Akavua viatu, akakunja suruali, akaenda nyumba ya kwanza bila viatu.

Alizimaliza nyumba zote kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikitafsiri, na naweza kushuhudia kwamba aliuliza vizuri, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angeuliza ovyo. Mlango unatazama wapi jua likizama? Nani hulala hapa, na mvua ikikatika mnaelekea upande gani? Ngamia wa mbele anaongozwa na nani? Alipima kutoka mlangoni hadi pale mnara ungesimama. Alisimama silangani akayatazama maji kama mtu aliyeambiwa habari zake kwa miaka mingi. Mzoga wa ng'ombe ulikuwa kando ya kichuguu, na tumbusi walikuwa wakizunguka juu yake, juu sana. Akawataja, aina kwa aina, bila kuinua darubini, na safari hii akawaandika. Jioni miguu yake ilikuwa imechanika kwa miiba. Hakuna aliyemwonea huruma, na yeye hakuiomba.

Sitaki mtu aniambie kwamba alitubu. Aliona kwa sababu alisimamiwa. Kalamu iliyoandika ukweli ni ileile iliyoandika uongo, na kama mimi nisingesimama ukumbini na suti yangu na diploma yangu, angekwenda kaburini akiamini uwanda ule ni mtupu. Wapo wanaosema alikuwa jasiri. Jasiri ni yule asiyehitaji mtu nyuma yake.

Tathmini mpya ilipokelewa. Mstari wa mitambo ulisukumwa ng'ambo ya kilima cha mawe, mbali na nyumba, na kituo cha umeme pamoja na uzio wake vikaufuata. Njia ya silanga ikabaki wazi.

Nilimkuta kiangazi kilichofuata, katika hoteli moja karibu na daraja, amekaa peke yake, leso moja tu mezani. Hakuwa na gari nje. Nilikaa mbele yake kwa sababu viti vingine vyote vilikuwa na watu, nikaagiza chai yangu.

"Hawajanipigia," alisema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Hawatakupigia."

"Najua." Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Angalau njia mmeipata."

"Ilikuwa yetu."

"Ilikuwa yenu," akakubali.

Simu yangu ikalia. Alikuwa abti, anapiga kelele kama kawaida yake, maana haamini kwamba simu inaweza kuibeba sauti umbali wote ule bila msaada. Kiangazi kilikuwa kimewabana, silanga nyingine zote zilikuwa zimekauka, lakini ile yetu bado ilikuwa na maji. Ngamia walikuwa wamefika asubuhi, wote, na hakuna kilichowazuia njiani. Mwaka huu hawahami. Nikakata simu.

"Wamekunywa," nikamwambia Mwalimu, sijui kwa nini.

"Wote?"

"Kama huamini, nenda ukawaone."

Nilikusudia iwe tusi. Aliipangusa meza kwa ile leso, kisha akaniuliza gari la kwenda upande ule huondoka saa ngapi.

Nilimwambia. Nikanyanyuka, nikalipa chai yangu, yake nikamwachia.